Mwaka Niliokataa Kuizima Ile Kompyuta

Tulimzika Mama Mwenda huko Githongo, kando ya miti yake ya kahawa, siku ya Alhamisi yenye manyunyu yasiyokatika. Nilikuwa nimetoka Embu alfajiri nikiwa nimevaa viatu visivyofaa udongo ule mwekundu, nikaketi safu ya nyuma kabisa chini ya hema, kati ya wanakwaya na fundi wa spika. Walisimama wengi kumsifu marehemu, na sifa zao zote zilikuwa za kweli, mpaka kipaza sauti kilipomfikia mzee mmoja mwenye suti ya kijivu na mkongojo mpya. Nilimtambua kwa sauti kabla sijauona uso. Alikuwa Bwana Mutuma, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ambayo mimi na marehemu tuliifanyia kazi. Alisema Mama Mwenda alikuwa mfanyakazi mtiifu. Kisha akasema, "Hata ule mwaka kompyuta yetu ya zamani ilipokuwa inakufa, ni ofisi yangu ilitafuta njia ya kuokoa rekodi za wazazi wote, na huyu mama akatusaidia vizuri sana." Watu wakaitikia kwa heshima. Mimi nikasimama, nikainua mkono kama mwanafunzi, nikamwomba mshereheshaji dakika mbili tu. Akaitazama saa yake, akaniambia muda umetubana, dada, tunaelekea kaburini. Nikaketi. Lakini kuketi si kukubali, na kwa kuwa nilinyimwa dakika mbili pale, nitachukua nafasi yote ninayoitaka hapa.

Nilizaliwa wapi na kulelewa na nani ni habari ya siku nyingine. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, naitwa Igoki, nina cheti cha kompyuta kutoka chuo kidogo cha Embu, na ninaamini kwamba hakuna mashine duniani isiyosikia ukiisemesha vizuri. Niliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja katika hospitali ndogo ya kanisa juu ya barabara ya Githongo. Jina lake nitaliacha, kwa maana waliopo leo hawana kosa. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kutunza printa na kuwafundisha wauguzi kutumia barua pepe. Nilipewa meza katika chumba cha rekodi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya jikoni. Ukuta wake mmoja ulipakana na jiko lenyewe, hivyo kuanzia saa nne asubuhi tulikaa ndani ya harufu ya maharagwe yanayochemka. Ukuta wa pili ulikuwa wa plaiwudi tu, na nyuma yake ndiko ilikokuwa ofisi ya Bwana Mutuma. Upande mmoja tulipata chakula kabla hakijaiva, upande wa pili tukapata habari kabla hazijatangazwa.

Kwenye kona, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono Mama Mwenda, kulikuwa na ile kompyuta. Ilikuwa ya aina ile kubwa, iliyokuwa nyeupe siku ilipoletwa na sasa imekuwa na rangi ya jino la mvuta tumbaku. Kila mtoto aliyezaliwa katika wodi yetu kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa humo ndani: jina la mama, kijiji, uzito na jinsia ya mtoto, tarehe na saa, jina la mkunga, na chini kabisa nafasi iliyoandikwa Maelezo. Programu hiyo iliandikwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyekaa miaka miwili, akarudi kwao, na hakuna aliyejua tena anwani yake. Mama Mwenda ndiye aliyekuwa akiandika humo kila asubuhi, kutoka kwenye madaftari ya wakunga. Alikuwa mwanamke mfupi aliyekaribia miaka hamsini, sweta ya kijani msimu wote wa mwaka, miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza alinitazama toka kichwani hadi miguuni akasema, "Igoki wa Embu. Wewe umeletewa printa, si ndiyo? Basi printa ni ile. Hii hapa usiiguse bila kuniambia. Hii iko na adabu zake." Saa nne akafungua chupa ya chai na mfuko wenye nduma zilizochemshwa, akanigawia kubwa zaidi, akaanza kunicheka jinsi ninavyotamka Kimeru kwa ulimi wa Kiembu. Ndivyo tulivyoanza, na sijui kama nimewahi tena kula na mtu yeyote kwa raha ile.

Mvua za masika zilikuja na vurugu. Bati la stoo ya nje, ambako madaftari ya wakunga yalitunzwa, lilipasuka upande mmoja na hakuna aliyegundua mpaka wiki mbili baadaye. Tulipofungua mlango tulikuta karatasi zimeshikana kama ugali uliolala. Mama Mwenda alijaribu kutenganisha kurasa chache kwa kisu cha mezani, wino ukamfuata kwenye vidole, akaacha. Akarudi chumbani, akakitoa kitambaa juu ya kompyuta, akaketi mbele yake akiwa ameweka mikono mapajani. "Sasa zimebaki humu peke yake," akasema. Na kama vile ile mashine ilimsikia na kuogopa jukumu hilo, wiki iyo hiyo ilianza kutoa sauti mpya ndani, mkwaruzo mfupi kama panya anayetafuna gunzi. Nilijua sauti ile ni ya nini. Ndani ya kompyuta kuna diski kuu, ambamo kila kitu kimeandikwa, na diski ikianza kukwaruza, huna muda mrefu.

Siku za mkwaruzo ule ndipo alipokuja nyanya mmoja kutoka Kanyakine, jina lake Gatwiri, amefunga kitambaa cha kanisa kichwani na kushika fimbo ya mparachichi. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, ambaye mama yake, Kiende, alifia kwetu saa chache baada ya kujifungua. Sasa mwalimu mkuu alitaka cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, na afisa wa usajili naye alitaka hospitali ithibitishe kwanza. Mama Mwenda aliandika jina la Kiende, akabonyeza, tukasubiri. Mkwaruzo ukaanza. Skrini ikaganda, ikawa nyeusi. Tuliiwasha mara nne ndipo ikaamka, na ilipoamka ilikataa kutafuta chochote. "Rudi wiki ijayo, nyanya," Mama Mwenda akamwambia. Yule nyanya akauliza kwa upole kama mashine ni mgonjwa. Nikamwambia ndiyo. "Basi itibuni," akasema. "Hii si ni hospitali?" Akatoka taratibu, na hakuna aliyecheka.

Nilijaribu njia ya kila mtu kwanza. Nilinakili mafaili ya ile programu, nikayaweka kwenye kompyuta mpya ya ofisi ya wauguzi. Yalifunguka yakiwa takataka, herufi zilizotapakaa kama mtama uliomwagika, kwa sababu programu ile ilikuwa imeshonwa kwenye mashine ile moja na mfumo wake wa zamani, na haikutaka kuishi kwingine. Nikamweleza Bwana Mutuma. Akanisikiliza huku akisaini karatasi nyingine, akasema nisijali, mfumo mpya unakuja kutoka Nairobi. Kesho yake kabla ya chakula cha mchana, mimi na Mama Mwenda tukiwa na sahani zetu za githeri magotini, tulimsikia nyuma ya plaiwudi akizungumza na mtaalamu wa huo mfumo mpya. Mtaalamu alisema rekodi za zamani haziwezi kuhama, ni kazi ya bure. Bwana Mutuma akajibu, na maneno haya sijayasahau: "Tutaanza upya, ukurasa safi. Hawa ni akina mama wa kijijini. Nani atakuja kuuliza mambo ya zamani?" Kisha wakacheka kidogo, wakahamia habari za barabara. Mama Mwenda aliweka kijiko chini. Alikuwa amejifungua watoto wake wawili katika wodi ile ile, na yeye pia alikuwa mama wa kijijini.

Nimewahi kuulizwa na vijana ninaowafundisha siku hizi, ujasiri wangu ulitoka wapi. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na namba ya simu ya Mwalimu Nyaga. Alikuwa amenifundisha chuoni Embu, mtu mrefu asiyepandisha sauti, mwenye duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya soko. Jumamosi nilishuka Embu, nikamkuta na mke wake wakila viazi vitamu kwenye kaunta ya duka, nikavutiwa kiti. Nilipomaliza kueleza, akapangusa vidole. "Igoki, wewe ukihamisha mche wa kahawa, unachuma majani unaenda kuyapanda kwingine?" Nikasema hapana. "Sasa wewe umechuma majani. Chimba mche na udongo wake. Usihamishe mafaili. Hamisha kompyuta yote." Akanionyesha kwenye mashine yake kitu ambacho chuoni tulikisikia kwa jina tu: dirisha kwenye skrini, na ndani ya dirisha kompyuta nyingine nzima, ya zamani, ikiwaka, ikiamini kwamba ina mwili wake yenyewe. Siku hizi vitabu vinaiita mashine pepe. Yeye aliiita mpangaji. "Mwenye nyumba ni hii mpya. Mpangaji ni ile ya zamani. Haiwezi kujua imehamia wapi, na haina haja ya kujua."

Shida ilikuwa namna ya kuitoa huko iliko. Ukiiwasha kompyuta ili uinakili, inakuwa macho, inaandika na kufuta huku na kule, na diski inayokufa haivumilii usumbufu huo. Inabidi uinakili ikiwa imelala. Kwa hiyo unatengeneza sidii ya kuwashia: sidii yenye mfumo mdogo ndani yake, mashine inaamka kwa mfumo huo badala ya wake, na diski kuu inabaki kimya wakati unaisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kila chembe, hata zilizo tupu. Mwalimu Nyaga alinipa programu za kuitengenezea na diski yake ya nje ya kubebea nakala, akaniandikia hatua zote kwenye karatasi ya kufungia mkate. Aliponisindikiza alisema jambo moja tu. "Wakikukataza, waulize ni nani atatia sahihi kwamba amekataza. Utashangaa watu wanavyoogopa kalamu."

Nilichoma sidii ya kwanza kwenye saiba moja ya intaneti huko Makutano, kelele za makanga wa matatu zikiingia dirishani, na nikapanda nayo hospitalini kama mtu aliyebeba mayai. Kompyuta yetu iliikataa. Haikuiona kabisa. Ilikuwa mashine ya zamani, na macho yake hayakuweza kusoma sidii iliyochomwa kwa kasi. Nikarudi Makutano siku iliyofuata, nikamwambia mwenye saiba achome polepole kabisa, akalalamika kwamba ninashikilia mashine yake, nikamwambia nitaishikilia. Sidii ya pili iliwaka. Mama Mwenda akapiga kofi moja. Kisha maandishi yakatokea: hakuna diski iliyopatikana. Mfumo mdogo uliamka ndani ya nyumba lakini haukuona chumba hata kimoja, kwa kuwa haukuwa na kiendeshi, yaani ile programu ndogo ya kuzungumza na diski za aina ile ya kizamani. Nilimpigia Mwalimu. Ilituchukua siku nne kukipata hicho kiendeshi, na siku nyingine kukiingiza ndani ya sidii bila kuiharibu. Wiki ile Bwana Mutuma alipita mlangoni mara mbili. Mara ya pili alisimama. "Msichana, wewe ni mtu wa printa," akasema. "Hiyo mashine inatolewa Ijumaa. Ile kampuni italeta pikapu, wanachukua vyote vya zamani. Nimemaliza hayo maneno." Nikamwomba aniandikie hivyo, kwamba ameamuru rekodi za wazazi zitolewe bila nakala, na atie sahihi. Nilisema kwa heshima, nikiwa nimesimama, mikono nyuma. Hakuandika. Lakini hakuibadilisha Ijumaa.

Sidii ya tatu niliiweka Ijumaa yenyewe, saa mbili na nusu asubuhi. Iliwaka, ikatafuta, na jina la diski likatokea kwenye skrini. Nikaunganisha diski ya Mwalimu, nikaanza kunakili. Asilimia moja. Mashine ile ilikuwa na njia nyembamba ya kutolea vitu, kama kunyonya tangi la maji kwa mrija wa soda, na hesabu iliyoonyeshwa ilisema tungemaliza saa tisa alasiri. Mkwaruzo ulikuja na kwenda. Kila ulipokuja, namba ilisimama, nasi tukaacha kupumua. Saa tano umeme ukayumba, taa zikafifia zikarudi. Mama Mwenda akatoka bila kuniaga. Alikwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji, ambako siku hiyo hapakuwa na mgonjwa, akarudi na mzee wa jenereta na waya mrefu wa manjano uliopitishwa dirishani juu ya masufuria ya jikoni. "Nimemwambia kuna mgonjwa mahututi," akasema, akivua miwani kuipangusa. "Sijamwambia uongo."

Pikapu ilifika saa saba. Asilimia sitini na nane. Vijana wawili waliingia na mtaalamu wa Nairobi nyuma yao, na Bwana Mutuma nyuma ya mtaalamu. Mtaalamu alikuwa mtu wa heshima kwa namna yake. Aliitazama skrini akaelewa mara moja ninachokifanya, akasema haitawaka huko uendako, dada, nimeshajaribu kwingine, unapoteza siku yako. Bwana Mutuma akawaambia vijana, "Chomoeni." Mmoja akapiga hatua. Nilisimama mbele ya meza, na nakumbuka sikuwa nimepanga kusema nilichosema. "Ukichomoa sasa, hata hii iliyobaki itakufa. Chomoa wewe mwenyewe, Bwana Msimamizi, usimtume mtoto wa watu. Halafu uende ukawaambie wale." Nilimwonyesha mlangoni. Ilikuwa siku ya kliniki. Korido ilikuwa imejaa akina mama na watoto wa chanjo, na Mama Mwenda alikuwa amekwisha kutoka kuwaeleza kwa Kimeru, kwa sauti yake ya kawaida tu, kwamba rekodi za watoto wao ziko kwenye ile mashine na wanaume hawa wamekuja kuichukua kabla rekodi hazijatolewa. Hawakupiga kelele. Walisogea tu. Waliokuwa kwenye mabenchi waliinuka, wakasimama mlangoni na watoto mgongoni, safu baada ya safu, mpaka chumba kikawa hakina njia ya kutoka. Mama mmoja kijana, sikulijua jina lake na silijui hadi leo, alimuuliza Bwana Mutuma kama anajua mtoto wake alizaliwa na uzito gani. Akasema hapana. "Hiyo inajua," yule mama akasema.

Bwana Mutuma alitoka kwa shida, akisema samahani, samahani, kila hatua. Vijana wa pikapu waliketi jikoni, mpishi akawapa chai na maharagwe. Saa tisa na dakika kumi skrini iliandika kwamba nakala imekamilika. Nikaitoa ile diski ya nje, nikaifunga ndani ya sweta ya Mama Mwenda, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona bila sweta, mikono yake ikiwa myembamba kuliko nilivyodhani. Kisha nikawaita wale vijana, nikawaambia chukueni sasa, na asanteni kwa kungoja. Kompyuta ikaenda na pikapu. Mama Mwenda alikibakiza kitambaa.

Ningependa kusema ushindi ulikuwa siku ile. Jumatatu nilifungua nakala kwenye ile kompyuta mpya ya wauguzi, iliyohamishiwa chumbani kwetu, nikamwita mpangaji aamke ndani ya dirisha lake, na skrini ikawa ya buluu, maandishi meupe, ikafa. Nikajaribu tena. Buluu. Nikajaribu mara kumi na mbili, na mara ya kumi na mbili nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko kwenye maganda ya ndizi, nikalia kama mtoto. Mashine yenyewe ilikuwa imekwenda Nairobi, labda imekwisha kuvunjwa. Niliwasimamisha akina mama mlangoni kwa ajili ya skrini ya buluu. Mtaalamu alikuwa amesema kweli. Nadhani ndiyo siku pekee mwaka ule nilipotaka kurudi nyumbani. Mama Mwenda alinifuata, akasimama pembeni mpaka nilipomaliza, akaniuliza, "Mwalimu wako amesema nini?" Nikasema sijampigia, naona aibu. "Aibu ni ya wale waliotaka ukurasa safi," akasema. "Piga simu."

Mwalimu Nyaga alicheka, si kwa dharau. Akasema mpangaji ameamka akatafuta mlango wake wa zamani mahali ambapo hapana mlango. Mwili mpya una diski ya aina nyingine, na mfumo wake haujui kuzungumza nayo. Dawa ni kumtibu akiwa amelala. "Ile sidii yako unayo?" Nilikuwa nayo, mfukoni, sikuwa nimeiachia tangu Ijumaa. "Basi iwashe ndani ya dirisha. Kompyuta pepe nayo inaweza kuwashwa kwa sidii, kama tu ya chuma." Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilimwasha mpangaji kwa sidii ile ya tatu, nikaingia ndani ya diski yake iliyolala, nikaweka kiendeshi kipya na kubadilisha mistari michache aliyonisomea Mwalimu herufi kwa herufi kwenye simu, nikiirudia kwa sauti na Mama Mwenda akiiandika pembeni ili tusikosee. Nikaitoa sidii. Nikawasha. Skrini ikawa nyeusi kwa muda uliotosha kusema Baba Yetu nusu. Halafu ikatokea ile rangi ya kijani mbaya aliyoipenda yule mzungu, na maneno ya kukaribisha, na orodha. Mama Mwenda alisogeza kiti chake, akavaa miwani, akaandika jina lake mwenyewe, kama mzazi. Lilikuwepo. Aliinuka akaenda kuifunika skrini ya kompyuta mpya kwa kitambaa chake, kisha akakumbuka kwamba hatuwezi kufanya kazi hivyo, akakitoa, na ndipo tulipocheka sote wawili mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini.

Nyanya Gatwiri alirudi mwezi uliofuata. Tulimpata Kiende kwa muda mfupi tu: kijiji, saa, uzito wa mtoto, msichana. Nilikuwa nakaribia kuchapisha Mama Mwenda aliponishika mkono. Kwenye nafasi ya Maelezo, ambayo mara nyingi ilikuwa tupu, palikuwa na sentensi mbili alizoziandika yeye mwenyewe kutoka daftari la mkunga miaka mingi nyuma, kati ya maelfu, na akasahau. *Mama amesema mtoto aitwe Gatwiri. Amesema apelekwe kwa mamake Kanyakine, asipewe mtu mwingine.* Alizisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru. Yule nyanya hakuwahi kupata ujumbe wowote. Alipewa mtoto ndani ya blanketi na akaambiwa pole. Alikuwa amemwita mjukuu jina la marehemu, Kiende, ili jina lisipotee. Aliomba asomewe tena. Akakaa na fimbo yake katikati ya magoti, akiangalia mashine si karatasi, na baadaye akasema, "Andika yote mawili. Kiende Gatwiri. Nitaenda kumwambia leo, akitoka shule." Nilichapisha. Mama Mwenda akagonga muhuri.

Habari husafiri. Walianza kuja wengine, kutoka Githongo na kutoka mbali, na kufikia Novemba hata wakubwa wa kanisa walikuwa wamesikia kwamba hospitali yetu ilihamisha kompyuta nzima ya zamani, na wakataka ripoti. Bwana Mutuma aliniita ofisini, upande ule wa plaiwudi ambao sikuwahi kuketi. Alikuwa mpole. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kunipendekeza kwa waajiri, nzuri mno, barua ambayo ingenifungulia ofisi yoyote ya Meru. Ya pili ilikuwa ripoti, na ilisema kwamba uongozi wa hospitali ulibuni na kusimamia uhamishaji, na kwamba wafanyakazi walifuata maagizo. Nilitakiwa kutia sahihi ya fundi. "Si kitu kikubwa," akasema. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Unajua kazi ilivyo ngumu huko nje." Nilikuwa najua. Sikuwa na ahadi ya kazi popote. Nilichukua kalamu yake, nikageuza ripoti upande usioandikwa, nikaandika kwa mkono kilichotendeka: nani aliamuru nini, nani alitengeneza sidii ngapi, nani alileta waya wa jenereta, na akina mama waliosimama mlangoni. Nikatia sahihi hapo chini, nikaiacha mezani, na ile barua ya mapendekezo nikaiacha kando yake. Alisema, "Utajuta." Kwa miezi saba nilitembea Embu nzima nikitafuta kazi bila barua, na bado sikujuta, mwishowe Mwalimu Nyaga alinipa kona ya duka lake, na kona hiyo ndiyo inayonilisha hadi leo.

Nilikusanya vitu vyangu siku iyo hiyo, kabla ya chakula, maana nilijua sitaongezewa hata wiki. Nilikuwa nimefika langoni aliponifikia Mama Mwenda, akihema, sweta ya kijani haijafungwa vifungo. Ukuta wa plaiwudi ulikuwa umemwambia kila kitu.

"Na mimi umeniandika?" akauliza.

"Nimekuandika. Jina lako lote, na kazi uliyofanya."

"Kwa herufi ndogo ama kubwa?"

"Kubwa, Mama Mwenda. Zote kubwa."

Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja mpaka juu, akanipa mkono kama mwanamume anavyompa mwenzake, akageuka kurudi kazini.